Andrew Foster, mtoto wa mchimba makaa aliyefungulia viziwi masomo

Wasomaji wetu wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Likasi na kwingine, juma hili tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake halisikiki sana ku mitaa yetu, lakini kati ya viziwi wa Afrika linajulikana kama jina la baba. Andrew Foster alikuwa Mweusi wa Amerika, kiziwi tangu utoto, mtoto wa mchimba makaa. Alikufa zamani, ku mpaka wetu wa mashariki, na kazi yake ilifika mpaka ndani ya inchi yetu. Tumemchagua juu ya swali moja lenye walimu na wazazi wa Lualaba wanajiuliza kila mwaka wa masomo ukianza: mtoto mwenye hasikii, tumpeleke wapi?

Alizaliwa tarehe 27 juni 1925 huko Ensley, karibu na Birmingham, ku jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mtu wa Kolwezi hahitaji maelezo mengi ili aone mahali hapo. Kulikuwa makaa chini ya udongo, kulikuwa viwanda vya chuma, na kulikuwa nyumba za wafanyakazi zenye kuishi kwa mshahara wa shimo. Baba yake alikuwa anashuka kuchimba makaa. Tena, sawa vile wazee wetu wanakumbuka ville ya wazungu upande huu na cité ya Weusi upande ule, Alabama ya wakati huo ilikuwa imegawanywa na sheria: masomo ya wazungu mbali, masomo ya Weusi mbali, na ya Weusi yalikuwa yanapata kidogo.

Mwaka wa 1936, Andrew akiwa na miaka 11, ugonjwa uliingia nyumbani. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, ile madaktari wetu wanaita méningite. Ilimpata yeye na ndugu yake mmoja, wote wawili pamoja. Walipona, lakini masikio hayakurudi. Wazazi wengi wa kwetu wanajua hadithi ya namna hii: mtoto analala na homa kali, anaamka mzima, kisha kisha wanaona kwamba akiitwa hageuki.

Hapa kuko jambo moja la kushika vizuri, sababu njo lenye linasaidia mwalimu. Andrew alipoacha kusikia alikuwa tayari anasema, anasoma na kuandika. Lugha ilikuwa imeishaingia ndani yake. Mtoto mwenye anazaliwa kiziwi, ao mwenye anapoteza masikio akiwa na mwaka mmoja, hayuko vile. Hajasikia hata neno moja kwa mama yake. Kama watu wa nyumbani hawampe lugha ya kuona kwa macho, anafika miaka 8 ao 9 bila lugha yoyote. Si kwamba hana akili. Hakuna mtu amemfungulia mlango. Foster alikuwa amepata nusu ya bahati, na maisha yake yote aliyapitisha akitafuta wale wenye hawakuwa nayo hata kidogo.

Yeye na ndugu yake walipelekwa Talladega, ku masomo ya viziwi na vipofu Weusi ya Alabama. Huko alijifunza ishara. Lakini masomo yale yalikuwa na ukomo: mtoto Mweusi kiziwi alikuwa anafika kalasi ya sita, basi. Watoto wazungu walikuwa na njia ya kuendelea, yeye hapana. Kwetu pia kalasi ya sita njo mwisho wa primaire. Fikirini mtoto mwenye anaambiwa kwamba mbele hakuna kitu, si kwa sababu ameanguka, lakini kwa sababu ya ngozi yake na masikio yake.

Alipokaribia miaka 17 aliondoka kusini, akaenda kuishi na tantine wake Detroit, kaskazini, mji wa magari. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya dunia, viwanda vilikuwa vinahitaji mikono. Foster alipiga kazi ya kiwanda mchana, na wakati uliobaki alisoma. Sababu hakukuwa kalasi ya kumpokea, alisoma kwa barua: masomo yanatumwa kwa posta, unaandika majibu, unarudisha. Alimaliza diploma ya biashara Detroit mwaka wa 1950, na diploma ya sekondari kwa barua mwaka wa 1951. Kutoka kalasi ya sita mpaka hapo ilimchukua karibu miaka kumi. Ni Detroit pia njo alishika imani ya Kikristo kwa nguvu, na akasikia misionere mmoja akieleza hali ya viziwi wa Jamaica. Kutoka hapo wazo la kwenda kufundisha viziwi mbali halikumtoka tena.

Washington kulikuwa, na kuko mpaka leo, masomo makubwa ya viziwi yenye kuitwa Gallaudet, yaliyoanza mwaka wa 1864. Wakati ule yalikuwa collège, leo ni université. Foster aliomba nafasi, akakataliwa. Aliomba tena, akakataliwa tena. Weusi hawakuwa wanapokelewa. Mwaka wa 1951 mlango ulifunguka, akaingia na kulipiwa masomo. Alimaliza mwaka wa 1954, Mweusi wa kwanza kupata licence ku Gallaudet. Hakusimama pale: aliongeza diploma ya juu ya ualimu ku jimbo la Michigan, kisha nyingine ya kazi ya misioni huko Seattle. Mwaka wa 1956 akaanzisha shirika lake dogo la kupeleka elimu na Injili kwa viziwi wa Afrika. Mwaka uliofuata alipanda safari.

Kabla hatujafika naye Afrika, tueleze kwanza vile dunia ilikuwa inafundisha viziwi. Mwaka wa 1880, walimu walikutana Milano, inchi ya Italia, wakaamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na ishara ziachwe. Karibu wote waliokata maneno yale walikuwa wenye kusikia. Kutoka siku hiyo, ku masomo mengi ya Ulaya na ya makoloni, mtoto alikuwa anaweza kuazibiwa kwa kutumia mikono yake. Saa nyingi zilipita katika kumfundisha kutoa sauti ya herufi moja, na hesabu, historia, jeografia vikabaki nyuma. Gallaudet ilikuwa kati ya mahali pachache ambapo ishara hazikuzimwa. Foster aliingia Afrika na mawazo ya huko: tumia ishara, tumia herufi za vidole, tumia maandishi, na kama mtoto anaweza kusema, aseme. Chochote kinachofikisha somo ndani ya kichwa cha mtoto ni kizuri.

Alifika Ghana mwaka wa 1957, mwaka ule ule inchi ile ilipata uhuru. Inasimuliwa kwamba aliambiwa na watu wenye kusikia kama Afrika hakuna watoto viziwi, ao ni wachache sana. Kumbe walikuwa ndani ya nyumba. Wengine walikuwa wanafichwa sababu ya haya, wengine walikuwa wanahesabiwa kama wenye wazimu ao wenye laana, wengine walikuwa wanapiga kazi ya shamba bila jina la kuitwa. Foster aliwatafuta. Ni jambo la kufikiri: mwenye kusikia alipita njiani asione kitu, na kiziwi alipopita akawaona.

Hakuwa na jengo. Hakungoja jengo. Huko Accra aliomba kalasi za masomo ya Leta yenye watoto wenye kusikia walikuwa wanasoma asubuhi. Saa ya kutoka, wale wakienda nyumbani, viziwi wake walikuwa wanaingia. Ubao ulikuwepo, mabenchi yalikuwepo. Wazazi walianza kuona mtoto wao anaandika jina lake, na habari ikaenda yenyewe. Hata watu wazima viziwi walikuja. Mwaka wa 1959 masomo yalihamia Mampong, ku milima ya Akwapim, yakawa na mahali pa watoto kulala.

Mwaka huo huo wa 1959, ku mkutano wa dunia wa viziwi huko Wiesbaden, Ujerumani, alionana na Berta Zuther, msichana Mjerumani, kiziwi kama yeye. Walioana Nigeria mwaka wa 1961, wakazaa watoto watano. Berta aliingia kazini pamoja naye. Nigeria yenyewe Foster alikuwa ameishaianza: Ibadan, Kaduna, Enugu. Kila mahali njia ilikuwa ile ile. Tafuta watoto, tafuta kalasi, anza na wachache, fundisha mtu wa pale, kisha mwachie masomo, wewe nenda mbele.

Na yule mtu wa pale, mara nyingi alikuwa kiziwi. Hapa njo kuko ujanja wa Foster, kama tunaweza kuuita vile. Alifungua mafundisho ya walimu Ibadan, na viziwi wa inchi mbalimbali wakaja kujifunza kazi. Wanafunzi wake wengine walifika mpaka Gallaudet, wakarudi kuwa walimu na wakubwa wa masomo kwao. Mtoto kiziwi wa miaka 7 akiingia kalasi na kukuta mwalimu kiziwi mwenye kuvaa shati nzuri, mwenye bibi na watoto, mwenye kusoma gazeti, haombi mtu amweleze kama maisha yanawezekana.

Kuanzia miaka ya 1970 aligeukia inchi zenye kusema Kifaransa. Alikuwa mtu mzima, kiziwi, Mmarekani, na akajifunza Kifaransa cha kuandika ili aweze kufundisha walimu wa inchi hizo. Alipita Côte d'Ivoire, Togo, Benin, Tchad, Cameroun, Centrafrique na kwingine, akafika pia Zaire, ni kusema kwetu. Ishara alizozileta zilikuwa za Amerika, akazifunga na maneno ya Kifaransa. Kutoka pale ikazaliwa lugha ya ishara yenye viziwi wa inchi nyingi za Kifaransa wanatumia leo, Kongo ikiwa ndani. Njo maana kiziwi aliyesoma Kinshasa akikutana na kiziwi wa Lomé, wanaelewana haraka kuliko sisi wenye masikio.

Hatutaki kumfanya malaika. Leo kuko watu wa elimu, na viziwi wenyewe, wenye kusema kwamba ishara za Amerika zilifunika ishara za kwetu. Ghana kuko kijiji cha Adamorobe, ambako tangu zamani viziwi ni wengi kwa njia ya kizazi, na kijiji chote, wenye kusikia na wasiosikia, kilikuwa na ishara zake. Lugha kama ile inaweza kupotea kama masomo yanaleta nyingine na kuidharau. Tena masomo ya Foster yalikuwa ya misioni: hesabu na Biblia vilikwenda pamoja. Hayo ni maneno ya kweli, yanafaa kusemwa. Lakini sherti tuweke pia upande wa pili wa mizani: kabla yake, watoto wengi kati ya hao hawakuwa na ishara za Amerika wala za kijiji. Walikuwa na kimya.

Pesa hazikutosha hata siku moja. Foster alikuwa anatoka Afrika, anaenda Marekani kuzunguka makanisa akiomba msaada, kisha anarudi. Familia yake ilikaa Michigan, na miezi mingi watoto walimkosa. Mwaka wa 1970 Gallaudet, yenye ilikuwa imemkataa zamani, ilimpa udaktari wa heshima. Hakukaa kuufurahia. Alipofika miaka 60 alikuwa bado anabeba mizigo yake kutoka inchi mpaka inchi, na hesabu ya masomo aliyoyaanzisha ilipita 30, ndani ya inchi 13.

Tarehe 3 desemba 1987 alipanda ndege ndogo huko Rwanda, akielekea Kenya. Ndege ilianguka karibu na Gisenyi, mji wenye kugusana na Goma yetu. Waliokuwa ndani wote walikufa. Foster alikuwa na miaka 62. Mwaka wa 2004 Gallaudet ilipatia jina lake jumba moja la mikutano, na viziwi wa inchi nyingi za Afrika wanaendelea kufundishana vile alivyowafundisha.

Sasa turudi Kolwezi, sababu swali letu la mwanzo lingali linangoja.

Tangu septemba 2019 primaire ya Leta ni ya bure. Ni jambo kubwa, watoto wengi wameingia. Lakini kalasi zimejaa, na mwalimu mwenye watoto wengi kuliko mabenchi anakosa macho ya kuona yule wa nyuma mwenye hajibu. Anamhesabu mvivu. Mwaka wa kwanza anarudia, mwaka wa pili anarudia, mwaka wa tatu hatumwoni tena ku masomo. Tunamwona ku soko akibeba mizigo, ao ku mto akiosha mawe ya wachimbaji, wale tunaita creuseurs. Mahali pale ni hatari kwa kila mtoto, na kwa mwenye hasikii mlio wa lori nyuma yake ni hatari mara mbili. Msichana kiziwi yuko ku hatari nyingine tena, sababu akitendewa mabaya hana lugha ya kumshitaki mtu.

Sheria haikosi. Sheria ya elimu ya mwaka wa 2014 inajua masomo ya pekee kwa watoto wenye mahitaji yao. Kongo iliingia ku mapatano ya dunia juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2015. Na tarehe 3 mei 2022 tulipata sheria yetu wenyewe ya kulinda haki hizo. Mtoto kiziwi wa Kapata, wa Luilu ao wa Musonoi ana haki ya kusoma sawa na mtoto wa mkubwa yeyote. Tuwaombe wenye mamlaka ya jimbo watimize sheria hiyo, walipe walimu, wafungue masomo. Kuomba ni haki yetu.

Lakini maisha ya Foster yanatuonyesha pia kitu kingine: hata kabla ya jengo, kuko kazi. Masomo yetu mengi yana zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, lakini jumamosi mchana, na wakati wa vakanse, kalasi nyingi ziko wazi na mabenchi yake. Direkta akikubali kuazima kalasi moja, paroisse ao eglise ikitafuta kiziwi mmoja mzima mwenye kujua ishara na kumpa chochote cha tiketi na chakula, watoto kumi wanaweza kuanza. Na wazazi wakae nao humo ndani, wajifunze ishara pamoja, sababu mtoto mwenye anasoma ishara saa mbili kwa juma na kurudi nyumbani ku kimya hatafika mbali.

Mwalimu wa kalasi ya kawaida naye anaweza kitu, bila franka hata moja. Amweke mtoto mbele, mahali anaona uso wake na ubao. Asiseme akiwa amegeukia ubao. Aandike neno jipya, aonyeshe kitu chenyewe, amwite kwa kumgusa bega ao kwa kupunga mkono. Amweke karibu na mwenzake mwenye moyo mzuri, mwenye ataonyesha kurasa. Hayo hayatoshi kwa mtoto asiye na lugha, tusijidanganye, yule anahitaji ishara. Lakini kwa mwenye anasikia nusu, na ni wengi kuliko tunavyofikiri, yanaweza kumwokoa.

Na mzazi: mtoto akitoka ku méningite, ku malaria kali ao ku surua, ao akiwa na usaha wa masikio usioisha, ao akiwa ametibiwa kwa kinini nyingi, mpime. Simama nyuma yake, piga makofi, uone kama anageuka. Kama hageuki, mpeleke kwa daktari, usingoje, na usimwache nyumbani juu ya haya ya jirani. Tena tuache kumwita bubu kama vile ndilo jina lake. Ana jina, alipewa siku ya kuzaliwa.

Baba yake Andrew Foster alikuwa mchimba makaa mwenye watoto wawili viziwi, ku inchi yenye sheria zilikuwa zinamdharau. Hata hivyo vijana wale walipelekwa Talladega, ku masomo yenye ukomo wa kalasi ya sita. Kutoka kalasi sita hizo yalitoka masomo zaidi ya 30 ya Afrika. Ku Lualaba wachimbaji ni wengi, na watoto viziwi wako. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kugonga mlango na kuuliza kama ndani ya nyumba kuko mtoto mwenye hajaitwa.